Mkono wa Kike

Bandani kwetu, nje kidogo ya Kupiškis,
pete ya pipa la kabichi imepigiliwa ukutani
juu ya nyasi kavu za ng'ombe.
Januari, mpira ukilala nje hufa:
asubuhi ukiudunda haurudi,
unatua puu, kama mkate mweusi wa juzi.
Basi hulala jikoni, kando ya jiko la kuni,
na mama huuruka akienda kukoroga supu ya bitiruti.

Zoezi la kwanza la baba: usiudunde.
Ushike tu. Vidole, si kiganja.
Kiganja kikae na njaa, asema,
kati yake na mpira apite panya.

La pili: udunde umepiga magoti.
Halafu umesimama.
Halafu ukizunguka ndoo tano tupu za maziwa,
na ukiigusa moja tu banda zima linalia,
ng'ombe wanageuka kukutazama.
Halafu macho juu, maana mpira si mchumba,
hauhitaji kutazamwa ndipo ubaki.
Yeye huinua vidole, mimi nitaje idadi.
Mkono wake wa kulia una vitatu;
viwili vilibaki kiwanda cha mbao kabla sijazaliwa.
Hesabu yake haikuzidi nane kamwe,
na hadi leo mtu akisema "nane"
mimi huinua kichwa.

Kisha ikaja zamu ya kushoto.
Wa kulia ndio wa kulia, wa kusalimia, wa kuapia.
Wa kushoto, wa kike,
hushika sahani mwenzake akila.
Baba akaufunga wa kulia kwenye mkanda wangu
kwa skafu ya mama, mafundo mawili.
Kushoto, kulia, juu!
Goti na kiwiko ni mapacha,
mmoja akipanda wa pili hasalii chini.
Mara mia moja. Nilikosa tisini na kitu.
Nililia, kamasi zikaganda.
Hakunipa hotuba. Alisema, "Tena."

Miezi kumi na minne ya "tena".

Siku nilipoingia ukumbi wa shule,
wenye taa, na sakafu iliyong'aa hadi niliogopa kuikanyaga,
kila nilichotupa kiligonga chuma kwa mbele.
Mwalimu Vaidilutė akaniuliza kwa upole
nilijifunzia wapi.
Upole ule uliniuma kuliko kicheko.

Usiku nikapanda ngazi na utepe wa cherehani wa mama.
Mita mbili, sentimita tisini na nane.
Zimepungua saba.

"Ulijua?"
Baba alikuwa akikwangua theluji kwenye viatu.
Akakwangua, theluji ikaisha, akaendelea kukwangua.
"Niliipigilia baridi ile," akasema,
"bandeji bado mkononi. Najifunza upya, kwa kushoto.
Nilitaka angalau mmoja uingie."

Nikautazama ukuta.
Pembeni mwa pete, kwenye mbao,
alama za mpira, duara juu ya duara,
nyingi kuliko umri wangu.

Jumamosi tukaing'oa.
Yeye kashika msumari kwa vile vitatu,
mimi nyundo, kwa mkono wa kike,
naye hakufumba macho.
Pigo la nne lilipinda. Tukauchomoa, tukaunyoosha kwa jiwe.

"Anza wewe," nikamwambia.
Akavua koti. Akapangusa kiganja kwenye suruali,
cha kushoto, akakiacha na njaa.
Magoti, kiwiko, kifundo cha mkono kikainama
kama shingo ya bata anayekunywa.
Mpira ukapanda hadi kwenye utando wa buibui,
ukashuka, ukagusa chuma kwa mbele, ukarudi.
Pungufu. Sentimita saba, nadhani,
ingawa hakuna aliyepima.

Nikaufuata chini ya mkokoteni, nikampa.
Sikuhitaji kusema lile neno.
Mama alikuwa anaita, supu inapoa,
na nje giza lilishaingia, saa kumi tu jioni.